Kidole Gumba Chini ya Blanketi

Naomba nieleweke tangu mwanzo: mimi sibondi. Watu wa Ilomba wanaweza kuthibitisha, ingawa wengi wao hawatathibitisha kwa sababu ya roho mbaya.

Kwenye gemu la kupigana kuna watu wa aina mbili. Kuna sisi tunaotumia akili, tunaojua kwamba ukirudi nyuma kidogo, ukainama, ukabonyeza mraba halafu pembetatu, mtu wako anapaa na kushuka na teke la shingo. Halafu kuna wabondaji. Mbondaji anashika padi kama mtu aliyekamata kuku wa sikukuu, anang'ata ulimi, anabonyeza batani zote kwa mpigo mpaka mmoja afe, adui au padi. Hajui alichofanya. Ukimuuliza umepigaje ile ngumi ya moto, anakwambia, "Ipi?"

Kibanda chetu cha gemu pale Ilomba, Mbeya, kina sheria moja: aliyefungwa anaamka, mshindi anabaki kwenye stuli. Ukifungwa na mbondaji unaamka huku unaeleza kwa nini ile haikuwa halali. Hakuna anayekusikiliza. Nimeeleza sana maishani mwangu.

Basi likizo ya Juni ilipofika, mama akatangaza kwamba nakwenda Mafinga kwa mjomba.

"Kufanya nini?" nikauliza.

"Kuwa na faida," mama akasema. "Jaribu tu, uone inakuwaje."

Kilichotokea Mafinga ni kwamba binti ya mjomba, binamu yangu, alikuwa ameumia. Mjomba ana karakana ya useremala nyuma ya nyumba, na binamu amekulia humo kama wengine tunavyokulia mbele ya televisheni. Siku moja alikuwa anachimba tundu la mguu wa meza, patasi ikateleza, ikapita kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia na kukata mshipa wa kukunjia. Hospitali walishona vizuri. Kidonda kikapona vizuri. Kidole chenyewe kikakataa kukunja. Kilisimama wima kama mtu anayeomba lifti barabara kuu.

Mtaalamu wa mazoezi pale hospitali alisema mshipa umeshika, kilichobaki ni kazi ya mwenye kidole. Akikunje kila siku, hata kama kinauma. Asipokikunja, kovu litashikana humo ndani na kitabaki hivyo hivyo. Hilo lingekuwa jambo la kuvumilika kama binamu angetaka kuwa, tuseme, mbunge. Lakini alikuwa ameshapata nafasi chuo cha ufundi, fani ya useremala, na chuo hicho siku ya kuripoti kinamweka kila mwanafunzi mbele ya ubao na randa ya mkono, ile ya kulainishia mbao. Unapiga randa mwalimu akikutazama. Usipoweza kushika randa, unashika begi lako na kurudi nyumbani. Na randa, kama hujawahi kuishika, inashikwa kwa kidole gumba.

Kazi yangu mimi, kwa mujibu wa mama na mjomba waliopanga kwa simu bila kunishirikisha, ilikuwa kumchangamsha binamu ili afanye mazoezi. Walidhani nitamsomea vitabu. Nikabeba mashine yangu ya gemu, ile niliyorithi kwa kaka baada ya yeye kupata akili na mchumba, nikaizungushia sweta na kuipakata kwenye basi kama mtoto mchanga.

Mjomba alinipokea stendi akiwa na vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi.

"Kamwene, mjomba!" akasema. Kwetu mjomba na mpwa wanaitana mjomba wote wawili, kwa hiyo hujui nani mkubwa mpaka mmoja atumwe maji. "Humo kuna nini?"

"Mashine ya gemu, mjomba."

Akaitazama sweta. "Watu wa Mbeya wakija huku wanaleta mchele wa Kyela. Wewe umeleta waya."

Binamu alinikaribisha kwa heshima zaidi. Kwa upande wa mama, binamu ni mtu unayeruhusiwa kumtukana mbele ya wazazi wake na bado ukapewa chai.

"Umekonda," akasema. "Au kichwa ndicho kimekua?"

"Na wewe naona unaniambia safi sana," nikasema, nikionyesha kidole chake kilichosimama. Mama yake, aliyekuwa anamenya viazi, akacheka mpaka akadondosha kisu. Binamu akacheka pia. Kisha akauingiza mkono mfukoni, na sikuuona tena kwa muda mrefu. Wakati ule sikulitilia maanani. Nilidhani ni baridi.

Baridi ya Mafinga mwezi wa Juni haielezeki kwa mtu wa kawaida. Mbeya tunajidai tuna baridi, lakini ya kwetu ni ya kuvaa koti. Ya Mafinga inakuja na ukungu kutoka kwenye misitu ya misonobari, inapita chini ya mlango, inakaa sebuleni na kusubiri chakula. Asubuhi majani ya uwanjani yanakuwa meupe. Nyumbani kwa mjomba, kwa hiyo, kutazama televisheni ni kazi ya kulala nusu: kila mtu na blanketi lake mpaka kidevuni. Ukipewa kikombe, mkono mmoja unatoka, unachukua, unarudi ndani. Ndivyo tulivyocheza gemu pia, padi chini ya blanketi, vichwa juu kama kobe wawili.

Siku ya kwanza nikampa binamu darasa kamili, bure. Nikamweleza kwamba kidole gumba cha kushoto kinaongoza kijiti, kinamtembeza mtu wako. Cha kulia ndicho mfalme. Kinasimamia batani nne, mraba, pembetatu, duara na msalaba, na kazi yake ni kubonyeza moja moja, kwa wakati wake, na kukunja na kunyooka, kukunja na kunyooka. Nilijivunia sana. Gemu zima ni zoezi la kidole gumba! Hospitali hawakuliwaza hilo, wamebaki na mipira yao ya kuminya.

"Usibonde," nikamwambia. "Ukibonda hujifunzi kitu."

"Sawa, mwalimu," akasema kwa sauti ambayo ningeitambua kama ningekuwa na akili ninayosema ninayo.

Siku hiyo nilimfunga mpaka nikamhurumia, na mimi si mtu wa huruma. Kesho yake nikamfunga kidogo. Siku iliyofuata, saa za baada ya chakula cha mchana, kitu kikabadilika. Nilikuwa namchezesha yule bondia wangu mwenye mkanda mwekundu, nimepanga shambulizi la kistaarabu kabisa, mara upande wa pili ukafunguka kama mfuko wa misumari. Ngumi, teke, ngumi, teke, kiwiko, ngumi. Bondia wangu hakugusa ardhi. Alikufa hewani.

"Umebonda!" nikapiga kelele.

"Nimebonyeza," akasema binamu, kichwa chake kimetulia juu ya blanketi kama cha malkia kwenye noti. "Kwani batani ziliwekwa za kutazama?"

Tukarudia. Nikafa. Tukarudia. Nikafa vibaya zaidi. Kuanzia siku hiyo mambo yakawa hivyo. Nilijaribu kumkinga, akapita kwenye kinga. Nilibadilisha mtu wangu, nikachukua mzee mwenye fimbo, fimbo haikusaidia. Mjomba alianza kuacha kazi karakana kuja kutazama nikipigwa. Alikuwa anasimama mlangoni na penseli sikioni, na kila bondia wangu akianguka anasema, "Ehee," kama mtu anayekubali mahubiri.

"Kidole kinaendeleaje?" akamuuliza binti yake siku moja.

"Si unaona mwenyewe, baba," binamu akajibu, macho kwenye televisheni.

Mjomba akaona mwenyewe. Alichoona ni bondia wangu chali. Jioni hiyo akawapigia simu ndugu wote, wa Iringa mjini, wa Makambako, mpaka mama yangu Mbeya, kuwaambia kidole kimefunguka, kidole kina kasi ya ajabu, kijana wa Mbeya amekuwa na faida. Mama aliomba kuongea na mimi. Aliuliza kama ninaumwa.

Sasa, kubonda kuna sauti, na sauti hiyo naijua kuliko wimbo wa taifa. Mtu akibonda kwa kidole gumba, padi inalia taka-taka-taka, inachoka, inavuta pumzi, taka-taka tena. Kidole gumba ni kimoja na kina uvivu wake. Lakini kuna mbinu nyingine, ya wale wabondaji sugu wa Ilomba ambao wameshindikana hata na wazazi wao. Wanaweka padi mapajani, wanauweka mkono juu yake, kisha wanaipiga kwa kidole cha shahada na cha kati, kimoja kikishuka kingine kinapanda, kama mtu anayepiga ngoma mezani akisubiri chipsi. Hiyo hailii taka-taka. Hiyo ni mvua ya mawe kwenye bati.

Na mimi, nikiwa nafungwa kwa mara nyingine, nikasikia mvua ya mawe chini ya blanketi la binamu.

Sikufikiria kidole wakati huo, nilifikiria heshima yangu. Nilichotaka ni kumuumbua. Nikavuta blanketi kwa nguvu, nikapiga kelele, "Mwizi wa batani huyu hapa!"

Padi ilikuwa mapajani. Vidole viwili vilikuwa juu ya batani, vyepesi, vizuri kabisa. Na kidole gumba kilikuwa kimekaa pembeni, kimenyooka vile vile kama siku niliyofika, kama mgeni aliyekuja msibani na hajui akae wapi.

Nikasubiri anitukane. Ndiyo ingekuwa zamu yake.

"Rudisha blanketi," akasema.

"Binamu, hujakikunja kabisa?"

"Nimesema rudisha blanketi, baridi."

Nikarudisha. Kwenye televisheni bondia wangu alikuwa bado amesimama, anahema, anasubiri kupigwa, na hakuna aliyempiga.

"Nilijaribu siku ya kwanza," akasema. "Siku ile uliyonifunga. Nikikikunja kinafika mahali kinagoma, halafu kinauma mpaka kwenye kiwiko. Sasa nikibonyeza na kikagoma, najua kimegoma. Nisipobonyeza, sijui." Akanitazama. "Umeelewa au nikuchoree?"

Nilielewa. Hata mimi matokeo ya hesabu huwa siendi kuyatazama ubaoni.

"Chuo kinafunguliwa karibuni," nikasema.

"Asante kwa taarifa."

"Na pale hakuna blanketi. Ni wewe, ubao na mwalimu."

"Nimekwambia asante."

Ningeweza kwenda kumwambia mjomba, lakini angenyamaza siku nzima, na mjomba akinyamaza nyumba inakuwa baridi kuliko ilivyo, jambo ambalo kitaalamu haliwezekani. Isitoshe, nilikuwa na tatizo langu: nilikuwa nimesifiwa kwa simu mikoa mitatu. Nikamwambia binamu kwamba tunacheza bila blanketi, padi mkononi, kidole gumba peke yake.

"Vidole vyangu vitaenda vyenyewe," akasema. "Vimeshazoea."

"Basi tuvifunge."

Nilisema kwa utani. Yeye akainuka, akatoka nje kwenye ukungu, akarudi kutoka karakana na ukanda wa mpira. Ni ile mipira ya tyubu za baiskeli inayokatwa mirefu, wanayoitumia kubana viungo vya mbao vikishapakwa gundi mpaka vikauke. Akaniwekea mkono mapajani, ameshika padi. "Funga," akasema. Nikauzungusha mpira kwenye vile vidole vinne pamoja na mpini wa padi, kaza, zungusha, kaza, mpaka kilichobaki huru upande wa kulia ni kidole gumba peke yake.

Hapo ndipo mjomba alipoingia kutazama nikipigwa.

Akasimama. Akamtazama binti yake. Akautazama ule mpira.

"Mjomba," akaniambia polepole, "umemfunga mwanangu kama mguu wa stuli?"

Nikaificha mikono mgongoni.

"Mimi ndiye niliyemwambia, baba," binamu akasema. "Kidole hakijafunguka. Nilikuwa nachezea hivi vingine."

Mjomba aliitoa penseli sikioni akaitazama kana kwamba yeye na penseli ndio waliodanganywa. Nadhani alikuwa anawahesabu kichwani ndugu aliowapigia simu. Kisha akapiga magoti mbele ya kochi, akaufungua ule mpira wote.

"Hivi utamzuia damu," akaniambia. "Gundi haihitaji damu. Mtu anahitaji." Akaufunga upya, kwa chini, laini, mzunguko juu ya mzunguko, akapitisha kidole chake ndani kupima nafasi. "Inabana?"

"Kidogo."

"Sasa?"

"Hapo sawa."

Akainuka, akapangusa magoti. Alisema, "Cheza," akatoka.

Sasa hapa ndipo utaalamu wangu ulipohitajika kwa mara ya kwanza katika historia. Padi unaweza kuipanga. Unaingia kwenye mipangilio ya gemu, unaamua ngumi ikae batani ipi. Mraba uko mbali na kiganja, hata kidole kilichonyooka kama msumari kinaufikia. Duara liko karibu, limejificha chini ya kidole. Ili ulibonyeze kwa ncha, lazima kidole kikunje. Kwa hiyo nikaweka mapigo yake yote kwenye mraba kwanza. Akabonyeza. Akizoea, nahamishia pembetatu. Halafu msalaba. Duara ndilo lilikuwa mwisho wa safari.

Kwenye mraba alicheka. Kwenye pembetatu alianza kunitukana. Tulipofika msalaba alikuwa analia bila sauti, machozi yanashuka tu, macho kwenye televisheni, na mimi nilikuwa namfunga raundi baada ya raundi. Nikamuuliza nimwachie kidogo? Akasema nikimwachia atanivunjia mashine. Basi nikamfunga kwa moyo wote. Nilifurahia, sitadanganya; nilikuwa na madeni ya kisasi. Ila furaha yenyewe ilikuwa na mchanga ndani, kama wali wa mgahawa wa stendi.

Halafu kukaja tabu ambayo sikuitarajia. Kidole kinachouma hakiwezi kubonda. Kina nafasi ya pigo moja, kisha kinapumzika, kisha jingine. Kwa hiyo binamu akaanza kusubiri. Alirudi nyuma. Aliniangalia nikija. Aliacha ngumi yangu ipite hewani, na mkono wangu ukiwa bado nje, yeye anabonyeza mara moja tu, na mimi nakwenda chini. Ile ndiyo namna yangu ya kucheza! Ndiyo niliyomfundisha siku ya kwanza na yeye akasema sawa, mwalimu.

Na mimi? Kila alivyonisubiri ndivyo nilivyoingiwa na hofu, na kila nilivyoingiwa na hofu ndivyo vidole vyangu vilivyozidi kukimbia. Siku ya duara, mjomba na mkewe wote wamesimama mlangoni, mimi msomi, mimi mtaalamu, nilikuwa nimeweka padi mapajani na naibonda kwa viganja vyote viwili kama mtu anayezima moto.

"Haa!" mjomba akasema. "Anafanya nini huyu?"

"Anabonda," binamu akasema.

Bondia wangu alikuwa anarusha mikono kila upande. Wa kwake alirudi hatua moja, akarudi nyingine, akaegemea ukuta wa uwanja. Uhai wetu sote ulikuwa umebaki uzi. Nikaruka. Kwa kona ya jicho nikakiona kidole gumba kikijiinua, kikitetemeka, kikikunja taratibu kama mlango wenye bawaba zenye kutu, kikapita pale mahali pa kugoma, kikatua kwenye duara.

Tak.

Bondia wangu akashuka chini kwa uso.

Mtu wa kawaida angeshangilia. Binamu hakuitazama hata televisheni. Alikuwa anakitazama kidole, bado kimekunja juu ya duara, hataki kukinyanyua, kana kwamba akikinyanyua hakitarudi.

"Hebu rudia," mjomba akasema kutoka mlangoni.

Akakinyoosha. Akakikunja. Kikaenda, kwa shida, kikafika.

"Rudia."

"Baba, kinauma."

"Najua. Rudia."

Akarudia. Mama yake akarudi jikoni ghafla, akidai kuna kitu kinaungua, na hakukuwa na kitu jikoni.

Mjomba alikuja, akaufungua ule mpira mzunguko mmoja mmoja, akaukunja na kuutia mfukoni. Kisha akatutangulia karakana, nasi tukamfuata katika ukungu. Akabana ubao mmoja wa msonobari kwenye meza ya kazi, akaweka randa juu yake, akasogea pembeni na kuanza kutafuta kitu muhimu sana kwenye rafu, mgongo kwetu.

Binamu aliishika randa. Kidole kilizunguka mpini, si chote, lakini kilizunguka. Mara ya kwanza randa iliruka na kukwaruza ubao. Mara ya pili ikatoa maranda mafupi mafupi, kama kucha. Akavuta pumzi, akasogeza mguu mmoja mbele, akasukuma kwa mwili mzima, na randa ikaenda kutoka mwanzo wa ubao mpaka mwisho, ikilia vizuri, na utepe mmoja mrefu wa mbao ukajikunja juu yake na kudondoka sakafuni.

Mjomba aligeuka. Aliuokota ule utepe, akautazama kwenye mwanga wa mlango.

"Mnene upande mmoja," akasema.

"Nitaurekebisha."

"Mwalimu wa chuo ataona."

"Baba, nimesema nitaurekebisha. Bado zipo siku." Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa nimesimama pale nimekunja mikono, nikijiandaa kupokea shukrani. "Na wewe umesimama kama nguzo ya umeme. Shika ubao upande huo, unatikisika."